Siku Niliyoisikia Nyumba Yangu

Sogea karibu, mwanangu, nawe sasa ni baba, unisikilize. Kuna jioni moja ya mvua ambayo hainitoki. Nilikuwa baba kijana hapa Chapwa. Daudi, kijana wangu wa kwanza, alikuwa amemvunja mwenzake jino, na shule ikasema akirudia watamfukuza. Nikatoka sokoni Tunduma nimeshaamua kumpiga mpaka ajute.

Pikipiki ikapata pancha, nikaiacha kwa fundi, nikatembea. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu umelala juu ya mahindi na njia imelowa, hata hatua zangu sikuzisikia. Mara nikasikia vicheko, na vilitoka kwangu! Kumbe nyumba yangu ilikuwa inacheka. Siku zote mlio wa pikipiki ulinitangulia, nami nikikuta kimya nilidhani ni adabu.

Daudi alikuwa akiniigiza mbele ya wadogo zake. "Nani kahamisha kiti changu? Mnaniona mjinga?" Sauti yangu kabisa, na kikohozi changu.

"Baba hakohoi hivyo," mdogo wake wa kike akamtania.

Daudi akamzaba kofi, la kweli. "Ukinibishia tena nakung'oa meno!"

Vicheko vikakatika. Nikaukimbilia mlango. Mama yangu, aliyekuja kutusalimia kutoka Itumba, alikuwa barazani akipukuchua maharage. Akanishika mkono.

"Baba Daudi, unakwenda kumpiga nani?"

"Huyu mtoto, mama. Hukumsikia?"

"Nimemsikia. Hilo la meno kalitoa wapi?"

Lilikuwa langu, nililitamka karibu kila wiki.

Nikakaa, tukapukuchua pamoja mpaka maharage yakaisha. Kisha nikamwita Daudi. Alikuja ameshaukinga uso kwa kiwiko, na mimi sijasema neno. Nikamuuliza ilikuwaje shuleni.

"Yule niliyempiga alisema kwao wanasikia unavyomfokea mama."

Kesho yake tulikwenda wawili kuomba radhi kwa wazazi wa yule mtoto. Jioni nikamwomba radhi mke wangu, watoto wakisikia. Daudi hakubadilika siku moja, wala mimi. Lakini hakufukuzwa.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, ukali wa kijana mara nyingi huanza kwa anayoyasikia nyumbani, na wewe hujachelewa kuyabadili. Mungu akujalie watoto wako waendelee kucheka ukiingia. Leo mmoja akikosea, kaa chini, muulize ilikuwaje, na usiseme kitu mpaka amalize.