Wimbo wa Sita katika Kaseti ya Deo

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili moja nyumbani Ijumbi, nilipomdanganya rafiki yangu kuhusu wimbo. Usicheke. Najua ninyi mnaruka nyimbo kwa kidole kimoja na hakuna anayewauliza, lakini mimi nusura nipoteze mtu kwa jambo hilo.

Rafiki mwenyewe ni Deo, huyo unayemwita baba mdogo. Kaka yake, Erasto, alikuwa dereva wa lori, na safari moja alirudi kutoka Kampala na kaseti ya bendi ya roki. Si roki ya kuchezea dansi. Ilikuwa ile isiyofuata mkumbo, ya vijana wanne Wazungu waliojipiga picha kwenye ukungu. Mwaka huohuo Erasto akaugua, akafariki. Tangu tulipomzika kibanjani, katikati ya migomba ya baba yao, Deo akawa mtu wa kuitikia salamu tu. Halafu siku moja akaniletea ile kaseti.

"Isikilize yote," akasema, "kisha tuongee."

Mimi nikanasa kwenye wimbo wa kwanza. Waitu, gitaa lile! Lilikwaruza kama panga linalonolewa juu ya jiwe, na bado lilikuwa na utamu wake. Kila ulipoisha, nilitoa kaseti, nikaizungusha kwa kalamu hadi mwanzo ili nisimalize betri, nikausikia tena. Siku nne nzima ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nyimbo nyingine sikuzigusa.

Jumapili, baada ya misa, Deo akaniuliza, "Na wa sita umeuonaje?"

"Wa sita? Mkali sana," nikajibu bila aibu. "Zile ngoma zake!"

Alinitazama kidogo, akashika njia ya kwao. Wiki mbili hakupita kwetu, na mimi kwa ujinga wangu nikasema kanuna bure.

Ndipo akaja Shangazi Koku, dada yake baba, mama mwenye ulimi usiojua kupaka mafuta. Alituletea akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, iliyochemshwa na majani ya harufu nzuri ikakaushwa. Kwetu mgeni na mwenyeji huitafuna pamoja, taratibu, huku wakipeana habari. Mimi nikatia punje mdomoni, uchungu ukanivamia, nikaitema mbele yake.

"Mwana wange!" akang'aka. "Ladha haijafika, ushatema? Na redio yako ni hivyohivyo. Tangu nifike inaimba wimbo mmoja. Aliyeijaza kanda yote hiyo alikuwa hana kazi?"

Yalinichoma. Alipoondoka nikakaa kizingitini, nikaiacha kaseti iende.

Wimbo wa pili na wa tatu, nikiri, zilinichosha. Wa nne ukaanza kunishika. Wa tano ulikuwa kelele tupu, ukakatika ghafla, na baada yake ukaja wa sita. Haukuwa na ngoma hata moja. Gitaa peke yake, na yule mwimbaji aliyekuwa akipayuka sasa anaimba kama mtu aliyekaa kando ya mgonjwa. Kwa Kiingereza changu cha shule niliambulia kwamba anambembeleza mtu asiondoke kwanza. Mwishoni akakohoa, na wakakiacha kikohozi humo humo. Nilielewa kwa nini zile kelele zilitangulia: bila hizo, utulivu ule usingenigusa. Usione vyaelea, vimeundwa. Nimesikia muziki mwingi tangu hapo, na albamu iliyopangwa kwa akili kama ile sijaipata.

Kisha nikakumbuka jibu langu kwa Deo, masikio yakanichoma kwa aibu. Njia ya mwongo ni fupi.

Nilimkuta akigeuza kahawa juu ya mkeka. "Deo, nilikudanganya," nikasema. "Wa sita hauna ngoma."

Aliendelea kugeuza. Halafu akasema, "Erasto alikuwa ananiomba nimwekee huo kila asubuhi. Siku ya mwisho nikamwambia kanda imekatika. Haikuwa imekatika. Nilikuwa nimeuchoka."

Hilo ndilo alilotaka kunieleza tangu mwanzo, na hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alilia, nami nikalia, kahawa ikabaki bila kugeuzwa.

Basi nisikilize, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu, lakini sikufundishi subira kwa ajili ya muziki peke yake. Mtu akikupa kitu anachokipenda, kipokee chote, hadi pale pasipokufurahisha. Ukichoka, mwambie umechoka. Usimwambie ni kizuri sana. Pengine ana neno zito moyoni na amekosa pa kuanzia, na wewe ndiye aliyekuchagua.

Mungu akupe masikio yanayofika mwisho wa jambo, na siku yako ikiwa nzito, akupe wa kukusikiliza asiyekudanganya.