Kujifunza Kuisema Kazi Yangu

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa aya, yaani mhudumu wa wodi, katika hospitali moja ya mjini. Nilibadili mashuka, nilichemsha vyombo, na akina mama waliposhikwa na uchungu niliwashika mikono. Mume wangu na mimi tulikuwa tumetoka Songea, tukapanga chumba Temeke, naye akapata ukarani bandarini Kurasini. Nilichokitaka ni kusomea ukunga.

Metroni, mama wa Kiingereza aliyewasimamia wauguzi wote, alinipenda. Mara nyingi aliniambia nitafika mbali. Siku ya usaili niliketi mbele yake na daktari, wakaniuliza kwa Kiingereza ningefanya nini mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Jambo hilo nilikuwa nimeliona kwa macho yangu, tena si mara moja. Maneno hayakuja. Nikabaki nimeshika upindo wa gauni mpaka wakaniruhusu niondoke.

Akina mama wa kanisani walikuja kunipa pole, wakaniombea. Mume wangu akasema kazi niliyo nayo si mbaya. Wote walinitakia mema na niliwashukuru, lakini walipoondoka nilikuwa palepale.

Wodini kwetu palikuwa na sista mmoja, muuguzi msimamizi wa wodi, mtu wa Tanga, tuliyemwogopa kwa ukali wake. Alinikuta nakunja mashuka.

“Walikuuliza nini?”

Nikamweleza.

“Haya, nijibu mimi. Kwa Kiswahili.”

Nikajibu mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Akaninyang'anya shuka nililokuwa nimelikunja vibaya, akalikunja upya.

“Kazi unaijua. Ila hujapata mtu wa kuisema naye kwa Kiingereza. Ukitoka zamu, uwe unabaki tuzungumze.”

“Nina mtoto, sista. Anayenishikia huondoka saa kumi.”

“Hilo litafutie mtu mwingine. Mimi nakusaidia hili.”

Nilipomweleza mume wangu, alisema hapana haja ya kubaki hospitali, atanifundisha mwenyewe. Tukajaribu. Kila sentensi yangu aliikata katikati kuisahihisha, mwisho tukala chakula tumenuniana. Jioni moja akacheka.

“Naona mie mwalimu mbaya. Basi niambie, nikusaidie nini?”

Tangu nianze kuitaka kazi ile, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia amchukue mtoto akitoka kazini, na ugali wa jioni ausonge yeye. Akauliza unga unawekwa lini.

Ikabaki kupata mtu wa kukaa na mtoto mpaka baba yake arudi. Jirani yetu alikuwa mke wa mwenye duka, Mwarabu wa siku nyingi pale mtaani. Nilikwenda kwake nikiwa nimeshajiandaa kukataliwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Nikamweleza shida yangu.

“Siku zote nakuona unahangaika naye. Nikajua hutaki mwanao ale kwetu, kwa kuwa nyie Wakristo.”

“Sivyo, mama. Niliona haya kuomba.”

“Basi mlete.”

Nikaanza kubaki na sista. Tuliketi kwenye benchi nje ya wodi, nikimsimulia kwa Kiingereza kila nililolifanya siku hiyo. Nikikosea hakunikata. Alingoja, akitazama mikono yake, mpaka nilitafute neno mwenyewe. Siku nyingine nilikwenda nyumbani nimechoka hata kusema, nikakuta ugali una madonge na mtoto keshalala. Tuliula hivyohivyo.

Nilipoitwa tena kwenye usaili, nilijibu kwa Kiingereza. Daktari aliuliza swali la pili, kisha la tatu, na baada ya hapo tukawa kama watu wanaozungumza. Wakanichukua.

Asubuhi ya kwanza ya mafunzo nilivaa sare mpya nikapita wodini makusudi, sista anione. Aliacha kuandika, akaja karibu, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

“Kofia imepinda,” alisema. Akainyoosha, akarudi kwenye meza yake.