Oksijeni Karibu Nawe

Kabla watu hawajaanza kumwita Mama Mitungi, alikuwa mke wa seremala mwenye mapafu mabovu. Vumbi la mbao lilimla yule bwana taratibu, mpaka ikafika siku hawezi hata kulala, anashinda kaketi kitandani kakumbatia mto, kila pumzi anaitolea jasho. Hospitali ikamrudisha nyumbani na karatasi iliyosema apewe oksijeni. Ipatikane wapi, hawakuandika. Mkewe alizunguka mji kutwa nzima, ofisi hii inamtuma ile, ile inamwambia arudi kesho. Alipopata mitungi miwili na kuifikisha nyumbani juu ya mkokoteni, mumewe alikuwa ameshafunikwa shuka.

Duka lilizaliwa hapo. Wengine walisema mjane yule ana roho ngumu, kafiwa juzi leo anakodisha vifaa vya marehemu. Watu na midomo yao! Mwenyewe alipata kusema mara moja tu, kwa dada yake: "Sitaki mtu mwingine azunguke kama nilivyozunguka mimi." Miaka tisa baadaye mitungi miwili ilikuwa kumi na minne, imepangwa ukutani kwenye chumba kilekile alichorandia mbao mumewe, kila mmoja umefungwa mnyororo usianguke. Hakumpa mtu mtungi kabla hajaufungua mwenyewe, akatega sikio, akaweka barakoa usoni na kuvuta pumzi mbili. Ndipo anasema, "Haya, chukua, huu mzima."

Tatizo lilikuwa mahali. Duka lilijificha huko nyuma. Kutoka kituo cha mafuta pale njia panda unaingia uchochoro wa mafundi mbao, unapita geti lililong'oka bawaba, unakata kona kwenye tangi la maji, halafu unahesabu milango mpaka ule wa buluu. Zamani hilo halikumsumbua mtu. Wauguzi walikuwa wanawaelekeza wagonjwa kwake kwa mdomo, na ukifika njia panda ukimtaja Mama Mitungi hata muuza vocha anakusindikiza.

Kisha watu wakaacha kuuliza watu, wakawa wanauliza simu. Na simu ukiiuliza oksijeni, ilikuonyesha kwanza maduka mawili makubwa yanayotazamana na hospitali, kisha mengine huko na huko. Mama Mitungi alikuwa wa kumi na moja, chini ya mchomelea vyuma ambaye mitungi yake ni ya kuchomelea mageti, si ya kumvutisha mgonjwa.

"Hata mchomelea vyuma!" alifoka siku alipoonyeshwa. "Huyu akiletewa mgonjwa atamtia nati?"

Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mwaka ule mitungi ilianza kulala dukani. Leo saba, kesho tisa, wiki nyingine kumi na miwili inamtazama tu kutoka ukutani. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Likifungwa hili duka, alijiambia, mume wangu atakuwa amekufa mara mbili.

Aliyemsaidia ni binti wa dada yake, mwanamke mzima mwenye kibanda cha kuuza simu na ulimi usiotulia. Alikuja kila Jumapili, akavua viatu, akakaa juu ya kreti na kushughulikia ramani ya kwenye simu. Akaweka saa za kazi, picha ya mlango, namba ya simu, na kuwaomba wateja wa zamani waandike maoni kidogo. Baada ya wiki sita, kutoka kumi na moja wakapanda hadi wa sita.

"Tunakwenda vizuri, mama mdogo. Ila hii ni kazi ya miezi. Vumilia."

"Nimevumilia mpaka nimevimbiwa." Mama Mitungi alivaa miwani, akaisogelea simu. "Hebu niambie. Hawa wa juu wana nini nisicho nacho?"

"Wako jirani na anayetafuta. Watu wanatafuta wakiwa hospitali, au wakiwa barabara kuu. Wewe uko ndanindani."

"Na hii alama nyekundu si inasogezwa?"

Binti akamkata jicho. "Uisogeze wapi?"

"Hapa. Kituo cha mafuta."

"Mama mdogo, hapo si dukani kwako."

"Wewe sogeza. Mtu akifika atapiga simu, nitamfuata. Tangu lini nikashindwa kutembea? Na hilo jina nalo badilisha. Nani anatafuta Mama Mitungi kwenye simu? Andika Oksijeni Karibu Nawe."

Binti alisitasita, akauma mdomo. Sitamtetea, lakini nitasema ukweli: alikataa mara mbili. Mara ya tatu akafanya alivyoambiwa.

Na jamani, ilikubali! Haikupita wiki, wakawa wa tatu. Siku nyingine wakawa wa kwanza kabisa, juu ya wale wa mbele ya hospitali. Simu haikupumua. Mtu anafika kituo cha mafuta, anageuka huku na huku, haoni duka, anapiga. "Usitoke hapo, mwanangu, nakuja," na Mama Mitungi huyo, kanga kiunoni, mbio na uchochoro. Wengine walinuna. Aliwatania: "Duka langu lina haya, halipendi kukaa barabarani." Wakacheka, wakamfuata. Miezi minne ilikwenda hivyo, na kuna siku mitungi haikutosha. Mama Mitungi akanenepa kidogo.

Basi, Jumanne moja, asubuhi kwenye saa nne, aliamua kurekodi video. Binti alimwambia picha zinazotembea zinapandisha duka zaidi. Akaifuta mitungi kwa kitambaa, mmoja mmoja, akavaa gauni la kutokea, akaegemeza simu kwenye kopo la rangi. "Karibuni sana. Sisi tupo karibu nawe." Simu ikaita katikati, ikaharibu. Akampokea mteja, akarudia. Ikaita tena. Mara ya tatu akazima mawasiliano yote, kama alivyofundishwa na binti, ibaki kamera peke yake. Akarekodi kwa raha zake. Akakosea, akajicheka, akarudia, akabadilisha kilemba. Ilichukua dakika arobaini.

Alipoyawasha mawasiliano, ujumbe ukamiminika. Namba moja ilikuwa imempigia mara tisa.

Akaipigia. Sauti ya mwanamume ikasema, "Basi, mama. Tumeshachelewa," ikakata. Nyuma yake alisikia mtu analia. Alisimama pale na gauni lake la kutokea, na mitungi iliyojaa imemzunguka pande zote.

Siku ya tano mtu yule wa kwenye simu alikuja. Mwembamba, dereva wa lori, shati limepigwa pasi vizuri. Aliusukuma mlango wa buluu, akaitazama mitungi, akamtazama mwenye duka.

"Wewe ndiye Oksijeni Karibu Nawe?"

"Ndiye mimi." Alijua papo hapo ni nani. "Pole, baba. Pole sana. Keti."

Hakuketi. Hakupaza sauti pia, na afadhali angetukana. Alieleza polepole kwamba mtungi wa mama yake uliisha ghafla. Alimwacha nyumbani na dada yake, akakimbilia duka la karibu zaidi kwenye ramani, maana hospitali ilikuwa mbali mara nne. Ramani ikamwambia amefika. Akazunguka kituo cha mafuta, akaingia mpaka chooni kwao. Akawauliza wajaza mafuta, muuza vocha, mafundi matairi: Oksijeni Karibu Nawe iko wapi? Hakuna aliyelijua jina hilo.

"Leo nimeuliza tu, kuna mama yeyote hapa ana mitungi? Muuza vocha akanishika mkono mpaka mlangoni. Akaniambia, kumbe siku ile ulikuwa unamtafuta Mama Mitungi!"

Mama Mitungi alijifunika uso kwa kanga.

"Twende tukaone," akasema yule mtu.

Wakatoka. Yule mtu alikuwa anahesabu hatua kwa sauti ndogo, wakapita tangi la maji, geti bovu, mafundi mbao walioacha misumeno na kuwatazama. Kwenye pampu ya kwanza ya mafuta alisimama. Hatua mia nne na kumi na mbili.

"Niliwahi kuzunguka kama wewe," Mama Mitungi akasema, na machozi yakamshinda. "Kwa ajili ya mume wangu. Nilizunguka kutwa."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," akasema yule mtu.

Akatoa simu mfukoni, akampa. "Nisomee hapo. Inaniuliza tangu siku ile, nikiifuta inarudi."

Mama Mitungi akaisogeza mbali na macho, asome bila miwani. Ramani ilikuwa imemwona mtu yule amekaa pale muda mrefu, ikaandika: Ulitembelea Oksijeni Karibu Nawe. Huduma ilikuwaje? Chini yake nyota tano tupu zilimsubiri.

"Nijibu nini, mama?"

"Jibu ulichokiona."

Yule mtu akaichukua simu, akagusa nyota moja. Akaandika kwa kidole gumba: Nilifika. Hakukuwa na mtu. Akairudisha simu mfukoni, akavuka barabara, akaenda zake bila kuaga.

Jumapili binti alikuja, akayasoma maoni yale, akapandwa na hasira. "Haya yanaondolewa, mama mdogo. Tunaripoti tu, kwamba huyu hajawahi kuwa mteja wetu."

"Yaache."

"Yatatuua!"

"Nimesema yaache. Ni kweli yote. Rudisha alama mlangoni, rudisha na jina langu."

Binti akarudisha. Wakaanguka hadi wa kumi na tatu, chini ya mchomelea vyuma, na simu ikanyamaza. Miezi miwili baadaye maduka ya mbele ya hospitali yalileta gari, yakanunua mitungi kumi na miwili. Miwili ya mwanzo hakuiuza. Ameibakiza imejaa ukutani, na simu haizimi hata akienda kuoga, anaiweka kwenye ndoo iliyo kavu, karibu na sikio.