Nta ya Mke Mwenzangu

Mume wangu alikuwa tarishi bomani Newala, wakati wa Mwingereza. Sikio lake la kulia lilipoziba, Bwana Shauri, mkuu wa boma, akawa anamwita mpaka anachoka, na kazi ikaanza kutia shaka. Dawa alikuwa nayo mke mwenzangu. Mimi sikuwa nayo.

Alikuwa binti mdogo, ameolewa kijijini Mnyambe na kuletwa mjini chini ya paa langu, ingawa kwao binti huolewa akabaki papo hapo kwa mama yake. Alichovya kitambaa cha marekani katika nta ya nyuki, akakikunja kama karatasi ya kufungia karanga, ncha nyembamba akaitia sikioni, ile pana akaiwasha. Kila Ijumaa alasiri mume wangu alilaza kichwa mapajani mwake, uani, mchana kweupe, shingo imezungushiwa nguo mbichi. Maji ya kulowanishia nguo hiyo nilikuwa nimeyapandisha mimi kutoka bondeni.

Wengine waliona dawa pale, mimi niliona mapaja. Kilichonimaliza kabisa ni midomo yake: muda wote nta ikiungua alimnong'oneza, taratibu, macho kayainamisha. Nilijipitishapitisha na ufagio nisiambulie neno. Nikajua ninasemwa mimi, na mwisho wake ni kufungasha virago.

Masika yalipoingia, sikio likaniuma na mimi. Kiburi kilinisaidia mpaka taya likakataa kutafuna, ndipo nikamwendea. Hakunicheka. Akanilaza. Sikio moja likazama pajani mwake, jingine likazibwa na nta, ndani mkabaki mvumo wa moto tu. Watoto wa jirani walipita mbele yangu wakipiga debe, sikusikia kitu.

Alipozima nilikaa kitako, nikamuuliza huwa anamwambia nini mume wetu, na hali mtu akilala pale hasikii.

Akakwangua nta kwenye kucha. "Namwambia anirudishe kwa mama."

Nikamuuliza kwa nini asimwambie akiwa anasikia.

"Nilishamwambia, akacheka. Mimi akinisikia hucheka. Wewe, dada, ukianza kusema yeye huweka kikombe chini. Mwambie wewe."

Miaka yote ile sikuwa nimeliona hilo. Jioni nilimtilia mume wetu chai, nikakaa mbele yake, nikaanza kusema, na jicho langu lilikuwa kwenye kikombe.