Taa Yenye Haizimi

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sikuwa ndotoni, sikuwa na homa, na pombe sijaonja tangu nizaliwe. Hilo neno la pombe ulishike, tutalirudia.

Mimi nilikuwa fundi wa waya za pikipiki hapa Kabiria. Miaka ile pikipiki zilipoanza kujaa upande huu wa Nairobi, nyingi zilikuja na taa hafifu, unamulika barabara na bado unapapasa. Dawa yake ilikuwa rilei. Unatoa waya mnene kwenye betri, unaupitisha kwenye fyuzi, halafu kwenye rilei, hadi kwenye balbu. Swichi ya pale kwenye usukani inabaki kutoa amri tu. Mzigo wa umeme unabebwa na rilei. Kazi yangu ilijulikana kwa kuitazama. Kila kiungo nilikifunga kwa uzi wa fundi viatu, mafundo mawili, ncha nikazichoma kwa kiberiti.

Kioko alikuwa mteja wangu. Alikuwa akibeba barua na vifurushi vya ofisi moja ya Kilimani kupeleka Parklands, na jioni anarudi Kabiria kwa mama yake. Siku niliyomfungia rilei, fyuzi zilikuwa zimeniishia. Nikafanya tunavyofanya sote: nikachuna uzi mmoja mwembamba wa shaba kutoka kwenye waya, nikauzungusha mahali pa fyuzi. Nikamwambia apitie kesho nimwekee fyuzi yenyewe. Hakupita, na mimi sikumkumbusha. Wiki tatu baadaye aligonga lori lililoegeshwa gizani, akafa papo hapo.

Watu wakauliza, kwani hakuwa na taa? Kwenye mkutano wa mazishi nikasimama mbele ya mama yake. "Ile taa niliifunga mimi," nikasema. "Ilikuwa sawa kabisa."

Sasa fikiria. Mtu ana macho mazima na taa nzuri, anagongaje lori zima? Basi ikasemwa alikuwa amelewa. Maneno yakaenea hadi kanisani, na Mama Kioko, aliyekuwa nguzo ya kwaya, akaacha kuimba kwa aibu. Nilikuwa namwona akipita na kichwa chini. Nilijua ule uzi wa shaba huenda ulikatika taa ikazima, nikanyamaza, kwa sababu niliogopa wateja watanikimbia. Nitukane unavyotaka, hutanifikia ninavyojitukana mwenyewe.

Alhamisi moja ya mvua, mwaka haujaisha tangu tumzike, nilikuwa nafunga kibanda. Ilikuwa kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Mtu akaingia akisukuma pikipiki iliyojaa matope, amevaa koti la mvua na helmeti hajaivua.

"Fundi, niaje. Niwekee rilei na swichi mpya," akasema. "Nataka taa yenye haizimi."

Nikamwambia arudi asubuhi. Hakutoka. Nikaona heri nimalize niende nyumbani. Nikatoa betri kwanza, nikaiweka juu ya meza, maana hivyo ndivyo nilivyofunzwa, hushiki waya betri ikiwa ndani. Kisha nikafungua taa ya mbele.

Ndani kulikuwa na uzi wa fundi viatu. Mafundo mawili, ncha zimechomwa.

Niamini, mikono iliendelea na kazi yenyewe. Nikafuata waya hadi mahali pa fyuzi, na ule uzi wa shaba ulikuwa pale pale, umekatika katikati kwa mtikiso wa barabara. Pikipiki hiyo nilikuwa nimeiona kwa macho yangu katika ua wa polisi, imepondwa. Wewe ungekimbia? Mlango alikuwa ameuziba yeye. Nikafunga rilei mbili, moja ya mwanga wa chini na moja ya mwanga kamili. Nikaweka fyuzi halisi. Nikafunga swichi mpya. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Nikabonyeza swichi, kibanda chote kikajaa mwanga.

Hapo ndipo macho yangu yakaangukia betri. Ilikuwa bado juu ya meza.

"Sasa iko sawa," akasema, na ilikuwa sauti ya Kioko, haina hata chembe ya hasira. Hilo ndilo lililoniumiza. "Ambia mathe sikuwa nimelewa. Mwambie kabla ya Jumapili."

Akaisukuma pikipiki nje kwenye mvua, injini imezima, taa inawaka.

Ijumaa nilifika hadi langoni kwa Mama Kioko. Nikasikia kina mama wa kanisa wakiomba ndani. Ningeyasemaje mbele yao wote? Nikarudi. Jumamosi nikajipa shughuli. Jumapili nikaoga, nikavaa shati safi, nikaenda, nikakuta viti vimepangwa uani. Alikuwa amefariki alfajiri. Jirani yake akaniambia maombi yake ya mwisho yalikuwa Mungu amsamehe mwanawe ile pombe.

Siku ya mkutano wa mazishi yake nilisimama tena, mahali pale pale niliposema uongo. Safari hii nikamwaga yote: uzi wa shaba, mgeni wa Alhamisi, betri juu ya meza. Nililia, sikuona haya.  Kisha mzee mmoja wa kanisa akanishika bega kwa upole, akawageukia wengine.

"Mpelekeni nyumbani huyu," akasema. "Amelewa."

Siku hizi naziba pancha tu. Nimehama kibanda mara mbili, na haijasaidia. Kila jioni, wakati ule ule, mwanga unawaka ukutani kwangu, kwanza wa chini, kisha kamili, bila pikipiki na bila mlio. Najua anauliza kama nimemwambia mama yake. Nimjibu nini?

Wewe fundi unayenisikia, fyuzi zikikuishia mwambie mteja arudi kesho. Na kama kuna marehemu anayebeba kosa lako, nenda useme leo, hata kama nyumba imejaa watu. Mimi ile taa niliifunga vizuri, ndugu yangu. Haizimi.