Lori la Baba na Nguruwe wa Mama

Enzi zetu pale Idete, gari likiwaka, unapanda. Huulizi linakwenda wapi, utajua mbele ya safari. Magari yalikuwa machache na miguu imechoka. Nasema haya mapema ili msije mkawalaumu majirani zetu kwa yaliyompata baba yangu.

Nilikuwa darasa la nne Baba alipouza nguruwe wawili wa Mama akanunua lori. Nguruwe hao Mama aliwafuga kwa ajili ya mabati ya nyumba yetu. Lori lenyewe lilikuwa limefia Kivukoni siku nyingi likisubiri pantoni, lenye pua ndefu, nyasi zimeota hadi kwenye siti ya dereva. Lilifika nyumbani likivutwa na ng'ombe kumi wa mfugaji mmoja Msukuma, siku tatu njiani, Baba kashika usukani anapungia watu mkono utadhani ng'ombe wale anawaendesha yeye. Watoto tulishangilia. Mama alilizunguka mara moja, akamega kipande cha mlango kwa vidole viwili, akakiweka mkononi mwa Baba.

"Baba Tumaini," alisema, "mpunga wa mwaka huu ukifika mashineni juu ya gari hili, likienda lenyewe, nitanyamaza. Usipofika, linauzwa chuma chakavu, na mabati yangu nayapata."

Tumaini ndiye mimi. Nililala chini ya paa la nyasi linalovuja, nikiliombea lori liwake na kuombea mabati yaje, na nilimwonea huruma Mungu kwa kazi niliyompa.

Baba alihamia chini ya lori. Tukitoka shule tulikuwa tunaamkia miguu: "Shikamoo Baba," na miguu inajibu, "Marahaba." Ukimuuliza kwa nini hali chakula, anasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama akawa anamjibu kutoka jikoni kwamba ameinama tangu Pasaka, hicho cha mvunguni kiko wapi? Fundi wake alitoka Mang'ula, tulimwita Mpole kwa sababu alikuwa anaitukana injini kuanzia asubuhi hadi chai.

Kitu cha kwanza kufufuka kilikuwa honi. Ililia kama kiboko aliyekanyagwa mkia, na Mama, ambaye hakuwa na neno jema kwa lori, aliagiza lisukumwe hadi kando ya shamba la mpunga. Kabla ya hapo tulikuwa tunaamia ndege kwa makopo na makombeo, tunapiga kelele hadi sauti zinakauka. Sasa tulikaa kwenye siti ya dereva tukipiga honi kwa zamu, na ndege wakahamia kwa majirani. Majirani walikuja kuomba waazimwe honi.

Mpunga ulipovunwa na magunia kupangwa, injini ikawa tayari, isipokuwa stata haikuwepo. Fundi Mpole akasema lori litawashwa kwa kusukumwa, na likishawaka lisizimwe hadi lirudi kutoka mashineni Ifakara. Kijiji kizima kilikuja: walimu, wanakwaya, mpaka Sheikh mwenye duka akafunga duka. Baba akaingia, tukasukuma. Lori likakohoa, likatoa moshi mweusi, likashika.

Na watu wote wakapanda.

Injini ilikuwa haijatulia hata kidogo. Ikabanwa na uzito ule, ikazima. Watu wakashuka kwa aibu, wakaombana radhi, wakasukuma tena. Likashika, wakapanda tena. Mara ya tatu mwalimu mkuu alihutubia kwamba safari hii tujizuie, na lilipowaka yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza juu. Kila mtu alimlaumu mwenzake, lakini hakuna aliyekubali kubaki chini, kwa maana je, likienda kweli?

Baba alikuwa ameinamia usukani. Nadhani alikuwa analia, na mimi pale nilisahau mabati kabisa.

Mama akaingia jikoni, akatoka na mchi, akasimama nyuma ya lori.

"Sukumeni," alisema. "Atakayepanda kabla sijapanda mimi, namtwanga."

Likawaka, likanguruma, likatulia. Magunia yakapakiwa injini ikiunguruma, Mama akaketi mbele na mchi wake, kisha akatoa ruhusa. Njia nzima Baba alipigia honi kila kitu, mbuzi, makanisa na watu walio mbali shambani. Tuliingia Ifakara tukiimba, na lori likasimama mbele ya mashine ya kukoboa likitetemeka.

Hapo Baba akazidiwa na furaha. Alishuka taratibu kama madereva wakubwa aliokuwa akiwaona, lakini kabla ya kushuka alizima, akachomoa ufunguo, akautia mfuko wa shati.

Fundi Mpole alikaa chini kwenye pumba, akashika kichwa. Baba akamtazama Mama, nasi sote tukamtazama Mama.

"Mpunga umefika," Mama alisema. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akaegemea tairi. Mabati tuliyapata mwaka uliofuata. Lori liliyaleta lenyewe, baada ya kusukumwa mara mbili.

Siku hizi wanangu wanawasha gari kwa kubonyeza kitufe, na lisipowaka wanalipiga picha. Mwaka jana pikapu yangu ilinizimikia karibu na daraja la Kivukoni. Vijana wa bodaboda walinionea huruma sana, wakanipa namba za mafundi watatu. Hakuna aliyeshuka kwenye pikipiki. Nikakumbuka Idete, nikasikia upweke.

Akatokea mama mtu mzima na kapu la samaki. Aliweka kapu nyuma ya pikapu bila kuniuliza, akaniambia niingie, akaanza kusukuma peke yake. Vijana wakaona haya, wakaja.

Injini iliposhika, nilitazama kwenye kioo. Mama yule alikuwa ameshapanda.