Waya wa Redio Mkononi Mwangu

Juzi mjukuu wangu alihangaika na antena ya ndani ya televisheni, mara dirishani, mara juu ya kabati, mpaka nikamwambia aizime tu. Nilikasirika kuliko ilivyostahili.

Kwetu Mafinga tulikuwa na redio, na redio ilitaka waya. Mama hakutaka waya utoke nje. "Utatuitia radi," alisema. Leo najua mita mbili nje ya dirisha zingetosha. Baba akahangaika humo humo ndani, kwanza na waya wa breki ya baiskeli, kisha na waya wa shaba aliotoka nao kazini, kwenye kiwanda cha mbao. Kwa zote redio ilikoroma tu. Nilipoushika ule wa shaba, sauti ikanyooka.

"Simama hapo hapo, mwanangu," baba alisema.

Nikasimama mchana kutwa, nikinusa maranda kwenye koti lake lililoning'inia kando yangu, mkono ukifa ganzi. Niliamini maneno yanapita mwilini mwangu. Yakaja matangazo ya vifo: "...wa Igowole anasikitika kutangaza kifo cha..."

Igowole ni kwao baba, karibu kila nyumba ni ndugu. Nikashtuka, nikaachia waya. Redio ikakoroma mpaka tangazo likaisha.

Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Ni nani?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Hawakutaja," baba alijibu. Akachukua koti lake, akaondoka kwenda Igowole kuzika, bila kujua anakwenda kumzika nani.